Kwenda si Kwenda Tu: Neno Dogo la Kiingereza katika Njia za Bukoba na Muleba

Katika maneno yanayomhadaa mfasiri wa mashairi, ni machache yaliyo madogo na yenye hila kama neno la Kiingereza 'go'. Lina herufi mbili tu, na mtoto wa darasa la tatu analijua. Akiulizwa maana yake, hujibu bila ya kusita: 'enda'. Jibu hilo si la uongo, ila ni jibu la mtu aliyesimama kizingitini akadhani kwamba keshaingia ndani. Aghalabu mfasiri hushinda kutwa akipigania jina la ua la nchi za baridi au la ndege asiyeruka mwambao, na neno hili dogo akalipitisha bila ya kulikagua, mfano wa ofisa wa forodha anayepekua makasha makubwa akauacha mfuko wa mkononi. Na kumbe shehena imo katika mfuko.

Makala haya yanalikagua neno hilo, maana zake na visawe vyake vya Kiswahili, na yanalipima si kwa kamusi peke yake bali kwa njia walizopita watu wa Bukoba na Muleba, katika mkoa wa Kagera. Huenda msomaji wa visiwani akauliza: mtu wa mwambao, ambaye mababu zake walikwenda Bara Hindi na Ngazija kwa matanga, apelekwe magharibi ya Ziwa Viktoria kutafuta maana ya kwenda? Sababu ziko mbili. Ya kwanza ni kwamba lugha ya Kihaya, inayosemwa huko, inalihifadhi shina la neno hilo katika umbo ambalo Kiswahili kimelipunguza. Ya pili ni kwamba Kagera ni nchi ya mpaka, ya ziwa na ya visiwa. Watu wake wamekwenda na wameendewa, na katika mambo yaliyowafika neno hili limepata uzito ambao mwambao unadhani ni wake peke yake.

Kwanza Kiingereza. Neno 'go' ni mtumwa wa kazi zote. Mwingereza husema maziwa yamekwenda mabaya. Mswahili husema yamechacha. Mwingereza husema saa yake haiendi. Mswahili husema imesimama. Mwingereza husema rangi mbili zinakwenda pamoja. Mswahili wa zamani husema zinapatana, na wa leo husema zinaendana. Fedha zikimwishia Mwingereza, zimekwenda. Zikimwishia Mswahili, zimekwisha. Wakati wa Mwingereza unakwenda. Wa Mswahili unapita, au unayoyoma. Hata zamu katika mchezo, Mwingereza huiita kwa neno hilo hilo. Na neno lenyewe ni fukara wa umbo: wakati wake uliopita, 'went', ni wa kuazima, ulitolewa katika kitenzi kingine cha kale, 'wend', kikavishwa kazi isiyokuwa yake. Ni neno lililofanyishwa kazi hata likasahau miguu yake. Ndani yake hamna habari ya aliyekwenda amekwenda vipi, na nani, wala kama atarudi.

Kiswahili kina tabia nyingine. Hakikulifanyisha neno 'enda' kila kazi. Kilikaa nalo nyumbani, kikalizalisha. Katika shina hilo moja umo mwendo, nao ni hatua za miguu. Umo mwenendo, nazo ni hatua za tabia. Yumo mwenda kwa miguu na yumo mwendawazimu. Imo endea, imo endesha, imo endeana, imo endekeza, nayo ni kumwacha mtu aendelee na ubaya wake mpaka umzoee. Imo endelea, na kutoka humo maendeleo, neno ambalo Mwalimu Nyerere aliliweka sambamba na uhuru katika waraka wake wa mwaka 1968, Uhuru na Maendeleo. Imo pia 'huenda', neno la shaka, ambalo halina mwenzake katika ukoo wa 'go'. Mswahili asiyekuwa na yakini ya jambo hulitazama kama msafiri aliye mbali: jambo hilo hwenda, na kama litafika au halitafika, Mungu ndiye ajuaye. Kwa hiyo mtu anayedhani kwamba Kiswahili kina neno moja tu la kutafsiri 'go' hakukosea hesabu ya maneno. Amekosea hesabu ya watoto wa neno hilo.

Kisha liko jambo la virai. Kiswahili hakipendi kumwacha mtu aende tu. Humwongezea neno linalosema amekwenda vipi: kwenda mbio, kwenda shoti, kwenda matiti, kwenda kombo, kwenda segemnege. Bahari imeongeza yake: kwenda joshi, pale chombo kinaposhindana na upepo, kwenda mrama, pale kinapolala upande huu na huu, na watoto wenye tiara zao wakaongeza kwenda arijojo, pale uzi unapokatika na tiara ikachukuliwa na upepo usio na mwenyewe. Hata kufa kuna njia yake: kwenda jongomeo, mahali pasiporudiwa. Hizi si pambo la neno. Ndizo maana yake. 'Enda' bila ya mkia wake ni jahazi lisilo usukani.

Na hapa sikio la mshairi lina la kusema. Methali mashuhuri ya mabaharia husema: kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni ndani katikati, chini, panapokaa maji na mizigo. Msomaji na ahesabu mizani: ku-e-nda te-zi na o-mo, minane, ma-re-je-o ni nga-ma-ni, minane. Lau angesema 'kwenda', kama inavyosemwa katika mazungumzo, pande la kwanza lingebaki na mizani saba na methali ingechechemea. Waliotunga methali hii, ambao hawakuacha jina wala karatasi, walijua kwamba neno hili hukunjuka na kukunjika: 'kwenda' mdomoni, 'kuenda' katika kipimo. Mfasiri anayelichukua 'go' na kuliwekea 'enda' asiyeijua siri hii atakuwa na mizani moja pungufu au moja ya ziada, na atailaumu lugha.

Yako matumizi mapya ambayo hayana budi kutajwa, kwa kuwa yanasikika kila siku redioni na majukwaani. Zamani kiongozi alisema: tutajenga barabara. Siku hizi husema: tunakwenda kujenga barabara. Wapenzi wa lugha wamekasirika, wakisema kwamba hiki ni Kiingereza kilichovaa kanzu, kwani ni Mwingereza ndiye anayeuunda wakati ujao kwa kitenzi cha kwenda. Hasira yao ina msingi. Wanasarufi wengi wanakubali kwamba kiambishi '-ta-' cha Kiswahili ni masalia ya kitenzi 'taka'. Kwa asili yake, anayesema 'tutajenga' anasema kwamba anataka kujenga: ameweka nia mbele ya watu, na nia ina mwenyewe. Anayesema 'tunakwenda kujenga' amesema tu kwamba yuko njiani. Aliye njiani haulizwi kwa nini hajafika. Anaulizwa tu kama njia ni nzuri.

Hata hivyo, hukumu hiyo ikitolewa Unguja itapata shida ikifika Bukoba. Kutoka Bukoba njia kuu inapita Kyaka, inavuka mto Kagera, inafika Mutukula mpakani, na ng'ambo yake ndiko kwenye nchi inayosema Kiganda. Nacho Kiganda, tangu hapo, huunda wakati ujao kwa kitenzi cha kwenda, 'genda', na kitenzi cha tendo kikafuata. Hakikungojea Mwingereza akifundishe. Basi muundo wenyewe si mgeni kwa lugha za Kibantu. Ni mgeni kwa Kiswahili cha pwani tu. Ubaya wa 'tunakwenda kujenga' hauko katika sarufi. Uko katika ahadi isiyotaja siku ya kufika. Mhakiki wa haki hana budi kutenganisha mambo hayo mawili, asije akaiadhibu sarufi kwa kosa la msemaji.

Mfano huo wa Kiganda unafungua mlango wa Kagera. Mhaya husema 'okugenda', kwenda. Mswahili amelidondosha lile 'g' la kale akabaki na 'enda', kama mtu aliyevua viatu mlangoni. Ndugu hawa wa shina moja wamelea watoto wasiofanana. Katika Kinyarwanda, 'umugenzi' ni msafiri, mtu aliyeko njiani. Katika Kiganda, 'omugenzi' ni marehemu, mtu aliyekwisha kwenda. Mtu anaweza kuondoka upande mmoja wa Kagera akiwa msafiri, na jina lile lile likamzika upande wa pili. Hakuna kamusi ya Kiingereza inayoweza kulieleza neno 'go' kwa namna hiyo, kwa kuwa 'go' halijui tofauti ya safari inayorudi na safari isiyorudi.

Watanzania walikutana na jambo hili bila ya kulitarajia mwaka 2021. Rais John Magufuli alipofariki mwezi wa Machi mwaka huo, neno 'mwendazake' lilienea magazetini na midomoni kwa kasi. Aliyefariki alikuwa mwana wa Chato, wilaya iliyokuwa ndani ya mkoa wa Kagera mpaka mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012. Wengine walilitumia neno hilo kwa heshima. Wengine walilisikia kuwa ni kijembe, wakataka 'hayati' au 'marehemu'. Ubishi ulikuwa mkali, na kwa mpenzi wa lugha ulikuwa na faida, kwani ulionyesha kwamba neno 'kwenda' halijatulia. Muundo wake ni mwepisi: mwenda, na zake, yaani njia zake. Mtu aliyekwenda zake hakufukuzwa na hakukimbia. Amemaliza shughuli yake akashika njia. Lakini katika mazungumzo ya kila siku anayeambiwa 'nenda zako' amefukuzwa. Neno moja limebeba stara na kejeli pamoja, na ni sauti ya msemaji tu inayotenga. Aliyelisikia kejeli hakuwa mjinga wa lugha, wala aliyelisikia heshima hakuwa mnafiki. Na anayeijua 'omugenzi' ya jirani hatashangaa kwamba kitenzi cha kwenda kimepewa kazi ya kumtaja maiti; atashangaa tu kwamba Kiswahili kilichelewa.

Muleba nayo ina somo lake, na somo hilo linawahusu watu wa Unguja kwa karibu kuliko wanavyodhani. Mbele ya pwani ya Muleba, ndani ya ziwa, kiko kisiwa cha Bumbire. Henry Morton Stanley, aliyeondoka Bagamoyo mwezi wa Novemba 1874, alifika hapo kwa mashua yake, Lady Alice, mwezi wa Aprili 1875. Waliovuta makasia walikuwa watu aliowaajiri Unguja, na lugha waliyoelewana nayo ilikuwa Kiswahili. Pakatokea ugomvi na watu wa kisiwa, na Stanley akaponyoka. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule alirudi na mitumbwi na bunduki, akawapiga risasi watu waliokuwa ufukweni, wakafa makumi. Yeye mwenyewe aliyaandika hayo, na kitabu chake kilitoka mwaka 1878.

Mfasiri anayekitia Kiswahili kitabu cha namna hiyo atakutana na 'go' katika kila ukurasa, na kila mahali litaonekana halina hatia. Je, aandike kwamba msafiri 'alikwenda' Bumbire? Kiswahili kinampa zaidi ya hapo. Kinampa 'endea', yaani kwenda kwa ajili ya kitu au juu ya mtu. Na mtu anaweza kuendewa kwa wema, kama mgonjwa anavyoendewa na jamaa zake, au kwa ubaya. Kinampa pia upande wa pili wa jambo: 'jia'. Aliyekuwa katika mashua alikwenda. Aliyekuwa ufukweni alijiwa. Kitabu cha mwaka 1878 ni kitabu cha aliyekwenda. Hakina kitenzi cha waliojiwa. Kumwekea msomaji 'alikwenda' peke yake ni kumketisha ndani ya mashua pamoja na bunduki, bila ya kumwomba ruhusa. Hapa tafsiri si ufundi wa visawe tu. Ni suala la mfasiri kusimama wapi. Na mtu wa Unguja anayesoma habari hiyo akumbuke kwamba makasia yalikuwa mikononi mwa watu wa kwao, na kwamba huenda neno 'twende' ndilo lililosikika juu ya maji yale.

Kutoka Bumbire mpaka kwenye njia ya meli si mbali. Kwa miaka mingi watu wa Bukoba walikwenda Mwanza kwa meli, wakipitia bandari ya Kemondo, wakiwa na mikungu ya ndizi, magunia ya kahawa na watoto wanaorudi shuleni. Usiku wa tarehe 20 Mei 1996 MV Bukoba iliondoka kama ilivyozoea. Ilikuwa meli ya abiria 430, nayo ilikuwa imebeba wengi kupita hao. Asubuhi ya tarehe 21, karibu na Mwanza, ililala upande, ikapinduka, kisha ikazama. Walikufa watu mamia. Katika miji na vijiji vya Kagera ilikuwa shida kupata nyumba isiyokuwa na jamaa au jirani aliyekuwamo.

Mshairi wa pwani akisema kwamba mambo 'yamekwenda mrama', maana yake ni kwamba yameharibika: arusi imevunjika, biashara imefilisika, chama kimegawanyika. Msemo umezeeka, umepata mvi, haumtishi mtu. Lakini MV Bukoba ilikwenda mrama kwa maana ya asili, ile waliyokuwa nayo mabaharia kabla ya neno kupanda nchi kavu: ilikwenda upande huu na huu, na haikurudi ilipokuwa. Msemo uliozeekea pwani ulifufukia ziwani. Anayeuandika leo katika shairi linalohusu Bukoba hawezi kuutumia kama pambo. Ameshika chombo chenye makali. Na asijidanganye mtu wa visiwani kwamba msiba huo ni wa bara. MV Spice Islander iliondoka Unguja ikielekea Pemba, ikazama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, nayo pia ikiwa imezidiwa na watu. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilizama kabla ya kufika Unguja. Tangu siku hizo, 'kwenda mrama' ni msemo ambao Bukoba, Wete na Chake Chake wanausikia kwa sikio moja. Ndugu wa namna hii hawafanywi na kamusi.

Hoja hii inagusa ubishi wa zamani katika ushairi wa Kiswahili. Mwaka 1976 M. M. Mulokozi, mwana wa Kagera, na mwenzake K. K. Kahigi walitoa diwani waliyoiita Malenga wa Bara, na mwaka 1979 wakatoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Jina la diwani ile ya kwanza lilikuwa dai. Mombasa ilikuwa imekwisha kumpata malenga wake, aliyetambulishwa kwa jina la mji wake katika Malenga wa Mvita. Hawa wakasema kwamba bara nako kuna malenga. Ubishi uliofuata ulihusu vina na mizani, na wengi waliuona kuwa ni ugomvi wa vijana na wazee, au wa Chuo Kikuu na baraza. Chini yake lilikuwapo swali jingine: Kiswahili ni cha nani? Mtu ambaye mama yake alimwimbia kwa Kihaya, na ambaye alikulia kusikia enanga, zeze la kulalia lenye tendi za mashujaa, ana haki gani juu ya tezi na omo?

Mulokozi mwenyewe alijibu kwa kazi: aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya tendi hizo za enanga, na baadaye akazihariri tenzi za kale za mwambao katika Tenzi Tatu za Kale, iliyotolewa mwaka 1999. Mtu mmoja aliweza kukaa tezi na kukaa omo. Na watetezi wa mizani wasisahau kwamba kitabu kilichoziweka sheria za utunzi katika chapa, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri cha mwaka 1954, kiliandikwa na Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Sheria za bahari ziliandikwa na mtoto wa ziwa. Hilo si jambo la kuonewa haya. Ni dalili ya nguvu ya lugha iliyokwenda mbali ikajua kurudi.

Lakini haki ina wajibu wake. Mshairi wa bara anayetia 'kwenda joshi' katika shairi kwa sababu tu amelikuta katika kamusi, na hajui upepo unapiga upande gani, amevaa kanzu ya kuazima. Na mshairi wa pwani anayemwona mtu wa Muleba kuwa hana neno lake la kutia katika lugha, amefunga mlango ambao yeye mwenyewe atauhitaji. Kamusi za Kiingereza na Kiswahili, tangu ya Madan ya mwaka 1894 mpaka ya Johnson ya mwaka 1939, zilijengwa juu ya Kiunguja, na kikao cha Mombasa cha mwaka 1928 kilikuwa kimekipa Kiunguja kiti cha usanifu. Hapana ubaya. Msingi hauna budi kuwa mahali pamoja. Nyumba lakini huongezewa vyumba, na chumba cha Kagera kina kitu ambacho hakiko kwingine.

Kitu hicho ni kibanja. Mhaya ana shamba lake la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, na humo ndimo walimozikwa wazee wake. Kwa hiyo kwenda, kwake, hakukati uzi. Watu wa Bukoba na Muleba wamekwenda Kampala, Mwanza na Dar es Salaam, wamekaa huko miaka arubaini, wamejenga. Na siku ya mwisho jamaa huchanga nauli ya jeneza ili mwenyewe arudishwe migombani. Hata wakubwa hawakutoka katika desturi ya kurudi. Laurean Rugambwa, mwana wa nchi hiyo, aliyekuwa askofu wa Rutabo katika Muleba ya leo na mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi, aliondoka akaliongoza jimbo la Dar es Salaam kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 1997, akazikwa Kagera; na mwaka 2012 masalia yake yakahamishiwa katika kanisa kuu la Bukoba.

Yule mtoto wa darasa la tatu, basi, hakukosea aliposema kwamba 'go' ni 'enda'. Amebakiwa na maswali matatu ya kujibu, na mfasiri hali kadhalika: amekwenda vipi, amemwendea nani, na atarudi wapi. Kiingereza hakimlazimishi kuyajibu. Kiswahili humlazimisha, na ndiyo maana tafsiri ya Kiswahili iliyo nzuri huwa na maneno zaidi ya asili yake bila ya kuwa ndefu. Mtu wa Unguja anapotoka nyumbani kwenda sokoni humwambia mkewe: naja. Mwalimu wa Kiingereza humcheka, akisema kwamba anayetoka anakwenda, haji. Mwalimu hakuelewa. Anayeaga hakutaja miguu yake inakoelekea. Ametaja moyo wake unakobaki. Mhaya anayepanda meli Kemondo, kibanja chake nyuma yake, angemwelewa bila ya mkalimani. Ngama ya baharia imo katika chombo, na ya Mhaya imo katika migomba. Marejeo ni huko.